Mbu, Kupe na Papasi: Robert Koch na Somo la Kusikiliza Kabla ya Kupima

Katika masomo ya falsafa tunakutana mapema na swali linaloonekana jepesi: kujua ni nini? Bibi kijijini anayemkataza mjukuu wake kukaa nje jioni kwa sababu ya mbu, anajua jambo. Mtaalamu wa maabara anayeona vimelea vya malaria katika tone la damu, naye anajua jambo. Je, wanajua kitu kimoja?

Katika makala hii tunalitazama swali hilo kupitia kazi za Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza magonjwa yaenezwayo na mbu na kupe hapa hapa Afrika Mashariki. Tutaona kwamba alifika mbali pale aliposikiliza wenyeji kisha akapima walichosema. Tutaona pia kwamba elimu, hata ikiwa kubwa kiasi gani, huingia doa pale mgonjwa anapogeuzwa kuwa chombo cha majaribio.

Koch alikuwa nani?

Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal. Mwaka 1882 alitangaza kwamba amegundua bakteria wanaosababisha kifua kikuu, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Wengi wanamfahamu kwa ugunduzi huo tu. Lakini mwaka 1897, akitoka India alikokwenda kuchunguza tauni, alifika Dar es Salaam, wakati nchi yetu ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Alikaa hadi mwaka uliofuata, akichunguza magonjwa ya watu na ya mifugo.

Neno moja kwa vitu viwili

Wakati huo chanzo cha malaria kilikuwa kimejulikana nusu tu. Mwaka 1880 Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vimelea vya ugonjwa huo ndani ya damu ya mgonjwa. Swali lililobaki lilikuwa: vimeleaje hivyo vinaingia mwilini? Wengi Ulaya walishikilia kwamba homa hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Jina lenyewe malaria, lenye asili ya Kiitaliano, maana yake ni hewa mbaya.

Koch alipofika milima ya Usambara alikuta Washambaa wakiwa na maelezo mengine. Huko juu kwenye baridi homa ilikuwa nadra. Watu waliposhuka tambarare kwa shughuli zao walirudi wagonjwa. Ugonjwa huo waliuita mbu, na mdudu aliyewauma huko chini walimwita mbu vilevile. Kwao jambo lilikuwa wazi: tambarare kuna mbu, na mbu ndiye anayeleta homa. Koch aliyaandika maelezo hayo katika taarifa zake za mwaka 1898.

Katika miaka hiyo hiyo Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, alikuwa akipasua mbu mmoja mmoja chini ya hadubini. Tarehe 20 Agosti 1897 aliona dalili za vimelea vya malaria katika tumbo la mbu aina ya anofelesi. Mwaka 1898 alionyesha kwa ndege jinsi mbu anavyobeba vimelea kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine, na mwaka huo huo Waitaliano, Giovanni Battista Grassi na wenzake, wakathibitisha jambo hilo kwa malaria ya binadamu.

Hapa Aristotle anatusaidia. Mwanzoni mwa kitabu chake cha Metafizikia anatofautisha mtu mwenye uzoefu na mtu mwenye sayansi: wa kwanza anajua kwamba jambo liko hivyo, wa pili anajua kwa nini liko hivyo. Washambaa walijua kwamba homa huandamana na mbu. Ross na Grassi wakaonyesha kwa nini. Lakini tusiharakishe kuudharau ujuzi wa kwanza. Bila mtu kuona kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, hakuna atakayeuliza sababu yake.

Kupe wa ng'ombe

Koch alipima pia ujuzi kuhusu kupe. Mwaka 1893 Wamarekani Theobald Smith na F. L. Kilborne walikuwa wamechapisha ushahidi kwamba homa ya Texas, ugonjwa unaofanya ng'ombe wakojoe mkojo mwekundu, huenezwa na kupe. Wafugaji wa huko walikuwa wamewashuku kupe kabla ya wataalamu. Koch aliwachukua kupe kutoka kwa ng'ombe wagonjwa wa pwani, akaacha mayai yao yaanguliwe, kisha akawapandisha kupe hao wachanga hadi Usambara na kuwaweka kwenye ng'ombe wazima. Ng'ombe wakaugua. Kupe waliozaliwa bila kuwahi kunyonya damu ya mnyama mgonjwa walikuwa wameurithi ugonjwa kwa mama yao.

Hata hivyo, katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona pia vimelea vidogo zaidi, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa ule ule. Miaka michache baadaye, akichunguza vifo vya ng'ombe huko Rhodesia, alitambua kwamba huo ni ugonjwa wa pekee. Ndio ambao wafugaji wetu wanauita ndigana kali. Kwa hiyo sayansi husonga mbele pia kwa mtafiti kukubali kwamba alichokiona jana hakukielewa vizuri.

Papasi kwenye njia ya misafara

Mwaka 1905 Koch alirudi, na safari hii alishughulika na papasi. Papasi ni jamaa ya kupe, lakini tabia zao ni tofauti. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Papasi hushinda mafichoni katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta za udongo, usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa miaka bila chakula. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa zamani bado inaweza kuwa na hatari.

Wapagazi na wasafiri waliolala katika vibanda vya njia za misafara waliogopa papasi kwa sababu ya homa iliyofuata. Homa hiyo hupanda ghafla, hukaa siku chache, huacha mgonjwa akidhani amepona, kisha hurudi. Koch alipowapasua papasi aliwakuta na bakteria wembamba waliojisokota kama uzi, na akawaona hata ndani ya mayai. Mwaka huo huo Mwingereza Joseph Dutton na Mkanada John Todd walifikia matokeo kama hayo huko Kongo. Wote wawili waliambukizwa, na Dutton akafariki Februari 1905. Bakteria hao leo wanaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Ugonjwa huu haujabaki katika vitabu vya historia. Utafiti uliofanyika Mvumi, mkoani Dodoma, ulionyesha kwamba papasi bado wanaishi katika nyumba za tembe, na kwamba homa yao ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga. Dalili zake hufanana na za malaria, lakini kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwatambua bakteria hao, na dawa za malaria haziwatibu. Wanahitaji antibiotiki, chini ya uangalizi wa daktari.

Kivuli cha Sese

Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kutafuta tiba ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wagonjwa walimjia kwa wingi. Aliwachoma sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilipotea katika damu, kisha vikarudi. Koch akaongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa.

Hatuwezi kulipita jambo hili kimyakimya. Ni kweli malale ilikuwa ikiua maelfu, na hapakuwa na dawa nyingine ya uhakika. Lakini Kant anatufundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia lengo fulani; yeye mwenyewe ni lengo. Nasi tunaoamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu tuna sababu ya ziada ya kusema hivyo. Mgonjwa wa Sese alikuwa na haki ya kujua nini kinaingizwa mwilini mwake, na kukataa.

Swali la kuchukua nyumbani

Turudi kwa bibi na mtaalamu wa maabara. Wanahitajiana. Bibi bila kipimo anaweza kuita kila homa malaria. Mtaalamu bila masikio anaweza kusoma kipimo na asimwone mgonjwa.

Nasi tunapokwenda vigangoni, au tunapomsindikiza jirani zahanati, tunaweza kusaidia kwa jambo dogo. Homa ikirudi baada ya siku kadhaa na kipimo kikionyesha hakuna malaria, tusikimbilie duka la dawa, wala tusianze kumtafuta mchawi. Tumwambie mganga wa zahanati mahali mgonjwa alipolala: kama ni sakafuni, kama ni katika nyumba ya udongo, kama alikuwa safarini. Na mwenye kutibu asione aibu kuuliza mwenyewe: "Ulilala wapi?" Jibu la swali hilo laweza kuokoa maisha ya mama na mtoto aliye tumboni.