Zizi la Kuzuia Fisi: Uanze Kulipia Nini?

Mfugaji wa Chamwino au Bahi hahitaji kuelezwa fisi ni nani. Anachotaka kujua ni shilingi yake aianzishe wapi. Ushauri wangu ni kwamba kila gharama ipimwe kwa mbuzi wa mnada wa Msalato. Bei hupanda na kushuka, lakini mbuzi jike akiliwa, imeondoka pia mimba yake ya miezi mitano na maziwa ya mtoto aliyebaki. Ukihesabu hivyo, kinga nyingi zinazoitwa ghali hazitakutisha tena.

Wagogo wa zamani walielewa thamani ya kulinda mifugo. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, ilizunguka ua wa mifugo, na ndama na watoto wa mbuzi walilala ndani na watu. Siku hizi nyumba ya bati inasimama peke yake, na zizi limebaki nje na miiba yake.

Miiba hainunuliwi dukani, kwa hiyo wengi huiona ni ya bure. Lakini mgunga uliokatwa leo utaliwa na mchwa, nawe utarudi porini na shoka, na kila mwaka utatembea mbali zaidi. Siku hizo zingekuwa za palizi au kibarua. Mkoa wa Dodoma unajua pia ardhi ikivuliwa miti inakuwaje: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa.

Waya wa chenlinki ndio unaouma mfukoni siku ya kwanza. Hapo umbo la zizi lina maana kubwa. Chukua roli nne za mita 18, jumla mita 72. Zizi la mraba litakupa mita za mraba 324. La duara, kwa waya uleule, karibu 412. Duara halina kona ambamo mbuzi waliotishwa hurundikana na kukanyagana. Sehemu ya chini ya waya ifukiwe au ibanwe kwa mawe mazito, kwa sababu fisi huchimba. Huko Simanjiro, shirika la Tanzania People & Wildlife limesaidia familia kujenga kuta hai: chenlinki inafungwa kwenye nguzo mbichi za miti jamii ya manemane, ambazo huchipua na kuwa miti. Gharama wanachangia shirika na mwenye boma. Nguzo iliyoota haiozi wala kuliwa na mchwa kama gogo kavu, na hapo ndipo fedha inaporudi.

Asiyemudu chenlinki mwaka huu aanze na mlango. Utazame asubuhi: tawi moja limevutwa, chini kuna pengo la ngumi mbili, na kwenye mwiba zimenasa nywele za kijivu. Mbao chache, bawaba mbili, komeo na jiwe bapa kizingitini havifikii bei ya mbuzi mmoja mzuri. Sijaona fedha inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Taa za sola zinazowaka na kuzima ni rahisi kufunga. Kijana wa Kenya, Richard Turere, alizibuni kuwazuia simba jirani na Hifadhi ya Nairobi. Kwa fisi nisingezitegemea peke yake, maana huzizoea. Mbwa ni bora zaidi, mradi uhesabu ugali wake wa kila siku na chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa Anatolia tangu 1994. Lakini hata mbwa wa kienyeji aliyekulia zizini tangu mdogo atakupigia kelele kwa wakati. Bweha, anayenyakua watoto wa mbuzi mchana malishoni, hazuiliwi na uzio wa zizi. Huyo anahitaji mchungaji mtu mzima, si mtoto aliyetolewa shule.

Sumu naikataa kabisa. Inaua mbwa wako, tai, na inaweza kumfikia mtoto, tena ni kosa kisheria.

Mnyama akishaliwa, kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 zinatambua kifuta jasho. Hicho si fidia ya bei ya soko, kwa hiyo usikiweke kwenye bajeti. Hata hivyo piga picha mzoga na nyayo kabla hazijakanyagwa, kisha mtafute mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo ili afisa wanyamapori wa wilaya apate habari.