Lubumbashi: Wasikilizaji wa redio wakumbuka rock ya Kitwe ya miaka ya 70

Siku ya posho jioni, redio nyingi za Kamalondo na Katuba hufunguliwa kwenye vipindi vya muziki wa zamani. Kwa kawaida ni Franco, ni Tabu Ley, mara Mwenda wa Bayeke. Lakini juma lililopita mzee mmoja alipiga simu akaomba kitu ambacho mtangazaji hakukitazamia: wimbo wowote wa WITCH, wale vijana wa Kitwe.

Mtangazaji, kijana asiyefikisha hata miaka 30, alinyamaza kidogo. Hakuwa nao. Hata jina lenyewe hakuwa amelisikia. Akamwomba mzee radhi kwa heshima na akataka kuendelea na rumba yake. Simu hazikumpa nafasi. Mmoja alipiga kutoka Kipushi, mwingine kutoka Likasi, kisha mama mmoja aliyekulia Chililabombwe, ng'ambo ya mpaka. Wote walitaka kusema lile lile: kwamba walikuwepo, kwamba wanakumbuka. Mwishowe yule mama ndiye aliyeokoa kipindi. Mjukuu wake alikuwa na wimbo mmoja katika simu yake. Wakaweka simu moja karibu na ingine, na gita ya Kitwe ya miaka 50 iliyopita ikatoka hewani mjini Lubumbashi, ikikwaruza kama bati linalokokotwa juu ya mawe.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa nikisikiliza nyumbani kwa baba mkubwa. Alipunguza moto wa bakuli la maharagi, akasogeza kiti karibu na redio, na kwa dakika nne hakuongea na mtu.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu ao Kindu ambaye hakuishi karibu na mpaka ule, inafaa kueleza. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilometa karibu 90 tu. Ukivuka, unaingia Chililabombwe, kisha Chingola, kisha Kitwe: miji ya shaba, sawa na Likasi na Kolwezi za kwetu. Watu wa pande mbili wanaoana, wanazikana, na wengi wanasikilizana kwa Kibemba. Mawimbi ya redio nayo hayakuwahi kuomba pasipoti. Mwenye redio nzuri na mawe mapya alipata Lusaka bila taabu, na pale Lusaka, katikati ya miaka ya 70, kulikuwa kunapigwa muziki ambao Kinshasa haikuwa nao.

Ule muziki ulipewa jina la Zamrock. Wazambia wengi wanasema jina hilo lilitoka kinywani mwa mtangazaji wa redio, Manasseh Phiri. Ulikuwa rock kabisa, na si rock ya kuiga nusu nusu. Vijana wa shule na wa kambi za wachimbaji walikuwa wamesikiliza Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple na James Brown, wakachukua gita za umeme, wakazipitisha katika kile kisanduku kidogo cha mguuni kinachoharibu sauti makusudi, kisha chini yake wakaweka ngoma walizozisikia kwa bibi zao. Mwanzoni waliimba kwa Kiingereza. Polepole Kibemba na Kinyanja vikaingia.

WITCH ndio walioongoza. Jina lao ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuleta fujo, na ukisoma herufi hizo pamoja unapata neno la mchawi. Wazazi wa wakati ule hawakuhitaji maelezo zaidi. Mwimbaji wao, Emanyeo Chanda, aliyezaliwa Kasama na kulelewa Kitwe, alirukaruka jukwaani hata watu wakamfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Basi akaitwa Jagari. Sikiliza vizuri jina hilo: Jagger amepewa irabu ya mwisho, amekuwa mtu wa nyumbani. Disiki yao ya kwanza kubwa ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati Zambia ilikuwa haijazoea kuona orkesta ya vijana wake ikijitolea disiki nzima. Zikafuata zingine, na ile ya 1975, Lazy Bones!!, ndiyo ambayo wapenzi wengi wa muziki huu huitaja kwanza.

Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Amanaz, waliotoa disiki moja tu mwaka wa 1975 na kuiita Africa. Kulikuwa na Rikki Ililonga na wenzake wa Musi-O-Tunya, waliojiita kwa jina la maporomoko makubwa ya Zambezi, moshi unaonguruma. Hao walifanya kazi yao Nairobi pia. Na kulikuwa na Paul Ngozi. Hapa Mswahili hucheka, anadhani mtu kajiita kwa jina la mwili wake. Kwa Kinyanja ngozi ni ajali, ni hatari. Ukisikia gita yake unaelewa upesi.

Baba mkubwa anasema kilichomshangaza wakati ule si makelele ya gita, bali ni namna redio ya inchi nzima iliyaruhusu makelele hayo. Jambo hilo lina sababu yake. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gita, alitoa amri kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa kwenye redio uwe wa Zambia. Orkesta za kwao hazikutosha kujaza masaa hayo yote, kwa hiyo redio ilipokea kila kijana aliyekuwa na gita na ujasiri. Amri iliyokusudiwa kulinda utamaduni wa wazazi ikafungulia mlango vijana wenye nywele ndefu na suruali za miguu mipana. Sidhani Kaunda alitazamia hivyo.

Kwetu Zaïre mambo yalikwenda kwa njia ingine. Mobutu naye alikuwa na siasa yake ya utamaduni, ile authenticité iliyotuondolea majina ya ubatizo na kutuletea abacost. Rumba ilikuwa na nguvu mno. Rock haikuweza kuikalia kiti. Lakini homa ya vijana ilikuwa ile ile. Zaïko Langa Langa, walioanza Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, waliweka kando tarumbeta na saksofoni za wakubwa wao, wakabaki na gita, ngoma za jazi na sauti nyingi za kuimba. Walipopanda jukwaani kwenye tamasha kubwa la Septemba 1974 kule Kinshasa, lile lililomleta James Brown na B.B. King kabla ya pambano la Ali na Foreman, walikuwa vijana sawa na wale wa Kitwe. Wale wa Kitwe walikwenda kwa Hendrix. Wa kwetu walikwenda kwa sebene. Mzee wa Likasi aliyepiga simu alisema yeye hakuchagua: usiku mmoja alicheza Zaïko, usiku mwingine WITCH, na viatu vilikuwa vile vile.

Habari za maonyesho ya WITCH zilivuka mpaka zikiwa zimeongezwa chumvi, lakini lililo kweli linatosha. Walipiga kuanzia saa moja ya jioni hadi saa nane ya usiku. Mama wa Chililabombwe alieleza kwamba yeye hakuruhusiwa kuingia. Alisikiliza akiwa nje, karibu na ukuta, pamoja na wauza karanga, na mpaka leo nyimbo zile anazijua kwa upande wa besi tu, kwa sababu besi ndiyo iliyopita ukutani.

Kilichozilisha orkesta zile ni kile kile kilichotulisha sisi, shaba. Mchimbaji aliyepata mshahara mzuri alinunua disiki, alilipa kiingilio, alimnunulia mtoto wake gita. Zaidi ya asilimia 90 ya mali ambayo Zambia iliuza inchi za nje ilikuwa shaba. Bei ya madini hayo ilipoanguka kati ya 1974 na 1975, mfuko wa kila mtu ulianguka nayo. Mwaka ule ule wa 1975 vita vya Angola vilifunga njia ya reli ya Benguela, ambayo shaba ya Zambia na ya Shaba ya kwetu zilipita kwenda baharini. Upande wa kusini, mpaka na Rhodesia ulikuwa umekwisha kufungwa tangu 1973. Kisha vita vya Rhodesia vikaingia Zambia kwenyewe, na watu wakaanza kuogopa mikusanyiko ya usiku. Onyesho la masaa saba usiku lilihamia mchana, kwa mwanga wa jua, na rock mchana ni kama harusi bila bibi harusi.

Upande wetu hatukuwa na la kuwacheka. Mwaka wa 1977 na tena Mei 1978 vita viliingia Shaba, Kolwezi ikalia. Kwenda Kitwe kununua disiki hakukuwa tena safari ya mwisho wa juma.

Jagari aliiacha orkesta katika miaka ile ya 70 ikielekea mwisho, akaenda kusomea ualimu. Wenzake waliendelea wakigeukia disko, kama ulimwengu wote ulivyogeuka. Baadaye yeye aliingia porini kuchimba mawe ya thamani. Msikilizaji wa Kipushi alilichukulia jambo hilo kama kichekesho, lakini mtu wa Katanga anajua vizuri: muziki ukikataa, udongo unabaki.

Kilichofuata, wapigaji simu walikisema kwa sauti ya chini. Ukimwi ulipita katika miji ya shaba wakati dawa zilikuwa hazijafika kwa raia wa kawaida, na wanamuziki waliokuwa wakisafiri kila juma hawakupona. Paul Ngozi alikufa mwaka wa 1989. Wa kikundi cha mwanzo cha WITCH waliondoka mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki Jagari peke yake. Orkesta nzima imezikwa, mwimbaji amebaki na nyimbo ambazo hana wa kumwitikia. Baba mkubwa, ambaye katika picha ya timu yake ya mpira ya 1979 anaonyesha kidole kwenye vichwa na kuhesabu, alisema anamwelewa mtu huyo bila kumwona.

Na disiki? Zilichakaa, zilipigwa mpaka zikapoteza sauti, zingine zilitumika kufunikia mitungi. Wazungu wenye kupenda vitu vya zamani ndio waliozitafuta. Tangu miaka ya 2000, makampuni madogo ya Ulaya na Marekani yalianza kuzitoa upya, na mwaka wa 2012 kazi zote za WITCH zilitolewa pamoja huko Marekani. Filamu juu ya Jagari ilitoka mwaka wa 2019. Yeye mwenyewe, mzee wa miaka zaidi ya 70, amerudi jukwaani na vijana wa Ulaya nyuma yake pamoja na mpiga kinanda mmoja wa zamani wa WITCH, Patrick Mwondela, na mwaka wa 2023 walitoa disiki mpya, Zango. Mwaka wa 2024 Tyler, the Creator, mwanamuziki wa rap wa Marekani, alichukua kipande cha wimbo wa Paul Ngozi wa 1977 akakijenga ndani ya wake. Ndiyo sababu mjukuu wa yule mama alikuwa na rock ya Kitwe katika simu yake. Haikumfikia kwa kuvuka Kasumbalesa. Ilipitia Los Angeles.

Jambo hili liliwauma wasikilizaji kuliko yote. Mmoja aliuliza kwa hasira kwa nini redio zetu hazina hata disiki moja ya majirani, wakati zamani zilikuwa nazo. Mwingine akamjibu vikali kwamba hata za Mwenda wa Bayeke studio nyingi hazina, mbona hailalamikiwi hiyo? Tuanze na za kwetu kwanza, alisema.

Hoja yake ina uzito, lakini mimi sioni kwamba vitu hivi viwili vinagombana. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimkuta akipiga gita Jadotville, leo Likasi, mwaka wa 1952 na kumchukua sauti, alisikilizwa katika kambi za Zambia kabla Jagari hajajua kusoma. Gita ilivuka mpaka kwa miguu ya wafanyakazi wa migodi, ikienda na kurudi. Na Mwenda mwenyewe, mwaka wa 1990, alikufa kwa ajali ya gari, na ajali hiyo ilitokea Zambia.

Kipindi kilikaribia mwisho. Kijana mtangazaji, ambaye sasa alikuwa ameacha kabisa programu yake, aliwaomba wazee wenye disiki za zamani nyumbani wazilete studio, hata zilizopasuka, atazichukua sauti na kuwarudishia wenyewe. Alitaja mara mbili kwamba atawarudishia, nadhani kwa sababu aliwajua watu wake. Baba mkubwa aliinuka, akaenda chumbani, na tukasikia sanduku likivutwa chini ya kitanda. Alirudi mikono mitupu. Alikumbuka kwamba aliiazimisha Lazy Bones!! mwaka wa 1981 kwa jirani aliyehamia Kolwezi, na sasa anataka nimtafutie namba ya simu ya watoto wa yule jirani.