Uteuzi wa Mtoa Huduma wa Mtandao kwa Vifaa vya Intaneti ya Vitu: Kigezo cha Umri

Dira ya maji inayotuma taarifa zake kwa mtandao hutarajiwa kudumu miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo, bei ya data na nguvu ya mawimbi ni vigezo vya lazima katika kumteua mtoa huduma, lakini havitoshi. Nchini Marekani, AT&T ilizima mtandao wake wa 3G mwezi Februari 2022; vifaa vilivyoutegemea mtandao huo pekee vilinyamaza ilhali vilikuwa vizima. Mwezi mmoja kabla, kampuni ya Sigfox ya Ufaransa iliingia katika usimamizi wa mahakama kutokana na matatizo ya kifedha, na mwezi Aprili ikachukuliwa na UnaBiz ya Singapore. Katika kisa cha kwanza, teknolojia ndiyo iliyoondolewa. Katika cha pili, aliyeyumba ni mtoa huduma mwenyewe. Tofauti hiyo ina uzito. Laini ya kielektroniki huwezesha kifaa kuhamishiwa kwa mtoa huduma mwingine bila fundi kukifikia, lakini haikipi kifaa cha 3G uwezo wa 4G. Hivyo, kabla ya mkataba, umri wa mtandao upimwe dhidi ya umri wa kifaa, na unafuu wa bei ulinganishwe na gharama ya kumtuma fundi kwenye kila dira.