Forester ya Turbo, Harrier ya Turbo na Lori Lililo Mbele Yako

Lami ilipofika Rudewa kutokea Dumila, kilomita 45, kisha ikaendelea kilomita 24 nyingine hadi Kilosa mjini, ilileta na ubishi ambao zamani usingekuwa na maana huko. Kwenye vumbi na mashimo, gari inayochanganya haraka na ile nzito hufika saa ileile. Kwenye lami, swali linakuwa la kweli: kati ya Subaru Forester XT na Toyota Harrier ya turbo, ipi kiboko?

Tuzitambue kwanza, maana majina haya yamebeba magari mengi. Forester ninayoisema ni ya chesisi SJG, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2012, si zile za zamani zenye tundu la hewa juu ya boneti. Harrier ni ya umbo ambalo mtaani linaitwa Anaconda, lakini ile iliyowekewa turbo mwaka 2017. Anaconda nyingi unazoziona hazina turbo. Zina injini ya kawaida ya lita 2 yenye nguvu farasi 151, na mwenye nayo asijiingize kwenye ubishi huu.

Kwenye makaratasi Forester inashinda kirahisi. Injini zote ni lita 2, lakini yenyewe ina farasi 280 na Harrier ina 231. Forester ina uzito wa karibu kilo 1,600, Harrier ya fowili karibu 1,750. Gawanya: farasi 175 kwa kila tani dhidi ya 132. Wauzaji wengi huishia hapo.

Sasa angalia toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha ekseli. Zote mbili zina newtoni mita 350, sawasawa. Harrier inaipata mapema, RPM ikiwa 1,650, na inaishikilia mpaka 4,000. Forester inaianza kwenye 2,000 na kwenda nayo hadi 5,600. Farasi ni toki ikizidishwa kwa mizunguko, basi. Ukipiga hesabu kwenye RPM 4,000, kila injini inatoa farasi 199. Kati ya 2,000 na hapo hakuna mkubwa. Zile farasi 280 zinaishi juu ya 4,000, na dereva anayeogopa kusikia injini ikilia hajawahi kukutana nazo.

Halafu kuna gia boksi. Matoleo ya Ulaya yanatufundisha jambo. Forester XT ya huko, yenye farasi 240 na gia boksi ya CVT, ilitangazwa kutoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 7.5. Lexus NX 200t, yenye injini ya aina ileile iliyomo kwenye Harrier, farasi 238 na gia sita, ilitangazwa sekunde 7.1, ingawa ni nzito zaidi. CVT haina gia za kuhesabu. Ina mnyororo unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na wakati wa kuondoka inajizuia ili mnyororo usiteleze. Kwa hiyo kwenye mita za kwanza Harrier haina cha kuonea aibu.

Lakini nani anaondoka sifuri kwa fujo kati ya Msowero na Rudewa? Kuna vijiji, matuta, ng'ombe, na tochi ya trafiki inayosubiri aliyezidisha 50. Kinachoamua safari ni semitrela iliyo mbele yako. Tuseme inakwenda kilomita 60 kwa saa na ina urefu wa mita 18. Ukihesabu nafasi ya mita 20 nyuma yake, 20 mbele yake na urefu wa gari lako, una kama mita 63 za kulipita. Ukiwa na wastani wa 90, unahitaji sekunde saba na nusu. Muda huo wewe umekula karibu mita 190 za barabara, na basi linalokuja kwa 80 limekula 167. Jumla, zaidi ya mita 350 lazima ziwe tupu mbele yako. Gari ikikuokolea sekunde moja tu, umepunguza mita 47. Hiyo ndiyo bidhaa unayoinunua.

Na hapo CVT inalipa deni lake. Ukiwa tayari kwenye mwendo, inaweza kuipandisha injini moja kwa moja kule kwenye farasi zake na kuishikilia, wakati Harrier inateremka gia, inavuta, kisha inapita 4,000 na kuanza kuchoka. Forester ya Japani itatangulia, sina shaka, hasa kutoka 80 kwenda 120. Ila bonyeza kitufe cha S# kwenye usukani kabla ya kutoka nyuma ya lori. Wengi huliacha gari kwenye I, hali ya upole, mwaka mzima, halafu wanalalamika turbo imechoka.

Pakia watu watano na magunia mawili ya mchele wa Kilosa, kilo 450 hivi, na farasi 175 kwa tani zinabaki 137. Forester yenye mzigo imekuwa Harrier tupu, au karibu. Mafuta nayo yanachangia: Japani zote zimeandikiwa petroli ya daraja la juu, yenye oktani inayokaribia 100, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Injini ikisikia mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, inachelewesha cheche na nguvu inapungua. Joto la mbuga ya Mkata linaongeza tatizo. Kipoza hewa cha Forester kimelala juu ya injini na kinategemea upepo, kwa hiyo ukitambaa nyuma ya malori kinapata moto. Cha Harrier kinapozwa kwa maji.

Njia ya zamani ya Kilosa kwenda Mikumi ina hesabu nyingine kabisa. Forester imeinuka milimita 220 kutoka ardhini, Harrier 190, na kwenye tope tofauti hiyo ni kubwa kuliko farasi 49. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kikomo ni 70 mchana na 50 usiku, kwa hiyo huko zote mbili ni sawa na bajaji. (Mwenye haraka kweli Kilosa apande treni ya SGR, hiyo inakwenda 160.)

Breki sisemi mengi, hesabu inatosha: kutoka 120 unahitaji umbali mara mbili na robo ya ule wa kutoka 80, na turbo haisaidii hapo.

Ukienda yadi kununua, usijaribu gari kuanzia sifuri. Panda na watu wanne, tafuta mwinuko, sukuma kutoka 60 hadi 100 mara kadhaa mpaka ipate moto. CVT ikitoa mtetemo mfupimfupi kama inapita juu ya matuta madogo, muuzaji atakwambia Subaru ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Mwombe kumbukumbu ya kubadilisha oili ya gia boksi, na kama hana, toa bei ya gia boksi nyingine kwenye bei yake kabla hamjaanza kuzungumza.