Istilahi za Bunilizi ya Kisayansi na Mashabiki Wake

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri na walimu ni istilahi za burudani ya televisheni, na hasa za tamthilia zinazosimulia safari za angani, mashine zenye akili na maisha ya karne zijazo. Yamkini somo hili litaonekana dogo likilinganishwa na istilahi za sheria au za kilimo. Lakini istilahi mbovu hupotosha popote inapotumika, na burudani ni mlango mmojawapo ambao maneno mapya huingilia kwa wingi bila kukaguliwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana chache za uwanja huo, kwa kutumia tamthilia moja ya Kimarekani ambayo ina uhusiano wa kweli na Kiswahili.

1. Jina la fani

Fani hii imekwisha kupewa majina kadhaa. Wapo wanaosema "sayansi ya kubuni", wapo wanaosema "hadithi za kisayansi", na wapo wanaosema "bunilizi ya kisayansi". Jina la kwanza lina kasoro ya mantiki. Neno kuu ndani yake ni "sayansi", na maneno "ya kubuni" yanaieleza sayansi hiyo. Hivyo msomaji huambiwa kwamba kilichobuniwa ni sayansi, ilhali kilichobuniwa ni hadithi. Mwanafunzi anayelisoma jina hilo ana haki ya kudhani kuwa anafundishwa sayansi ya uongo. Jina la pili halina kasoro hiyo, ila halitenganishi hadithi ya kubuni na habari ya kweli ya maisha ya mwanasayansi. Jina la tatu linaweka neno kuu mahali pake: huu ni utungo wa kubuni, na sayansi ndiyo chimbuko la ubunifu wake. Kwa sababu hiyo tunalipendelea.

2. Uhura na uhuru

Tamthilia ya Star Trek, iliyoasisiwa na Gene Roddenberry, ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikaisha Juni 1969 baada ya sehemu 79. Ndani yake alikuwamo Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha angani, aliyeigizwa na Nichelle Nichols (1932–2022). Jina lake lilitokana na neno letu "uhuru". Nichols alieleza kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, na kwamba irabu ya mwisho ilibadilishwa ili jina lisikike kuwa laini zaidi.

Mfasiri afanyeje? Wapo watakaoona ni wajibu wao kulisahihisha jina liwe "Uhuru". Sisi hatukubaliani nao. Jina la mhusika ni mali ya mtungaji, na mabadiliko yale yalikusudiwa. Ni kweli kwamba katika Kiswahili irabu "a" mwishoni mwa jina haionyeshi kuwa mhusika ni mwanamke, kama inavyoonyesha katika baadhi ya lugha za Ulaya. Lakini jambo hilo lielezwe katika tanbihi, lisitumiwe kulifuta jina.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika mazungumzo. Katika sehemu ya kwanza kuonyeshwa, Uhura husemeshwa Kiswahili na kiumbe aliyejigeuza kuwa mwanamume. Katika sehemu nyingine, ya Septemba 1967, kumbukumbu yake hufutwa, naye anapofundishwa kusoma upya hurejea Kiswahili. Watazamaji wa Marekani walielewa kwa kusikia lugha ngeni. Sasa tuseme tamthilia hiyo imetiwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho: Uhura atakuwa anatoka Kiswahili na kuingia Kiswahili, na kisa chote kitapotea. Hapa tunashauri sauti za asili ziachwe, na tafsiri iandikwe chini ya picha. Hivyo mtazamaji wetu atasikia mwenyewe lugha yake inapoingia, nayo maana ya kisa itabaki.

3. Mpenzi, shabiki, mkereketwa

Neno la Kiingereza linalomtaja mfuasi wa burudani limetokana, kwa njia ndefu, na neno la Kilatini la hekalu. Kiswahili kina maneno matatu, na kila moja lina mzani wake. "Mpenzi" hupenda, na huenda asitende lolote. "Shabiki" hushangilia na huchagua upande. "Mkereketwa" huumwa na jambo hata akaamka kulishughulikia.

Tofauti hizi si za kinadharia. Mwishoni mwa 1967 zilivuma habari kwamba Star Trek ingekatizwa. Mtu na mkewe, John na Bjo Trimble, waliongoza kampeni ya kuandika barua. Kituo kilipokea barua zaidi ya laki moja, na Machi 1968 kikatangaza hewani kuwa tamthilia ingeendelea. Januari 1972, miaka zaidi ya miwili baada ya kukoma kwake, watu zaidi ya elfu tatu walihudhuria mkutano wa mashabiki mjini New York, ingawa waandalizi walitarajia mia chache tu. Mwaka 1976 barua nyingine nyingi zilisababisha chombo cha majaribio cha shirika la NASA kupewa jina la Enterprise, yaani jina la chombo cha tamthilia hiyo.

Anayeyafasiri matukio hayo kwa neno "ushabiki" peke yake atamwonea msomaji, kwa kuwa siku hizi neno hilo hubeba lawama, kama katika "ushabiki wa kisiasa", yaani kufuata upande bila kupima. Tunapendekeza watu wenyewe waitwe "jumuiya ya mashabiki". "Ushabiki" libaki kuwa jina la hali. Na "wakereketwa" litumike kwa wale wanaotenda.

4. Msimu, sehemu, mkupuo

Neno "kipindi" limebebeshwa mzigo mkubwa mno: hutaja matangazo yote ya jina moja, na pia onyesho la siku moja. Ni afadhali kusema "tamthilia" kwa jumla yake, "msimu" kwa fungu la mwaka, na "sehemu" kwa onyesho moja. "Msimu" lilifaa sana zama ambapo vituo vya Marekani vilianza mafungu mapya kila majira ya kupukutika majani, na mtazamaji akangoja wiki hadi wiki.

Desturi hiyo imelegea. Kampuni ya Netflix ilianza kutiririsha picha kwa njia ya intaneti mwaka 2007, na mwaka 2013 ikatoa sehemu zote za msimu wa kwanza wa House of Cards siku moja. Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa, kwani tunalo neno "mkupuo": mtu hutazama msimu mzima kwa mkupuo mmoja. "Kutiririsha" nalo limekaa vizuri, kwa kuwa picha hupita kama maji ya mfereji, bila kuhifadhiwa kwanza kisimani.

Mwenendo umebadilika, lakini mkereketwa yupo. Mei 2018 kituo cha Syfy kilipoiacha The Expanse, tamthilia nyingine ya angani, mashabiki walichanga fedha wakakodi ndege iliyopeperusha bango juu ya ofisi za Amazon. Mwezi huohuo kampuni hiyo ikaichukua. Barua imegeuka bango, na kituo kimegeuka mtiririko, ila kitendo ni kilekile, na kinastahili neno lilelile.

Hayo ni mapendekezo. Istilahi huthibitishwa na watumiaji wake, wala si na waraka peke yake. Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime katika kazi zao, na watuletee yaliyo bora zaidi iwapo wanayo.