Kizazi Kinapotolewa Usiku wa Kujifungua (3)

Wiki iliyopita tuliishia pale ambapo mama ameshajifungua, sindano ya oksitosini ya kuukaza mfuko wa uzazi imeshachomwa, tumbo limesuguliwa, na damu bado inatoka. Leo tuingie chumba cha upasuaji.

Mimba ikikaribia kukomaa, mfuko wa uzazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na wa kuiziba ni misuli ya mfuko wenyewe, ambayo nyuzi zake huikaza kama uzi wa kipochi. Misuli ikilegea, pengine kwa uchungu wa siku mbili au kwa kutanuliwa na mapacha, uzi haukazi. Mwili mzima una lita tano au sita tu za damu. Piga hesabu.

Mara nyingine mfuko hupasuka. Mara nyingine, na hili linakuja juu kadiri upasuaji wa kujifungulia unavyoongezeka, kondo huota kwenye kovu la zamani na kuzama ndani ya misuli. Ukilivuta, unafungulia bomba. Damu isipokoma kwa njia nyingine, mfuko hutolewa.

Mei 21, 1876, mjini Pavia, Italia, Eduardo Porro alimpasua Giulia Cavallini, mwenye miaka 25, ambaye nyonga zake zilikuwa zimepinda kwa maradhi ya mifupa. Alimtoa mtoto, kisha akaukata mfuko. Enzi hizo kupasuliwa namna hiyo kulikuwa karibu sawa na kufa. Mama na mwana wakapona.

Tangu hapo madaktari wametafuta njia za kuunusuru na mfuko wenyewe. Mwaka 1997 Christopher B-Lynch, mzaliwa wa Sierra Leone aliyefanya kazi Uingereza, alieleza mshono unaoubana mfuko kama mikanda ya suruali inayopita mabegani. Mshono mzuri. Ila mimi namwogopa zaidi daktari anayejaribu hiki na kile huku mgonjwa akipoa, kuliko yule anayekata mapema.

Sasa, mfuko ukishatolewa, nini kimeondoka? Hedhi, na mimba. Ovari kwa kawaida huachwa, kwa hiyo mama hazeeki ghafla kama wanavyonong'ona majirani. Tendo la ndoa lipo. Maziwa hutoka, isipokuwa pale damu iliyopotea imeiumiza tezi ya chini ya ubongo inayoyaamrisha. Kibofu kinaweza kujeruhiwa wakati wa kukata. Na kama shingo ya kizazi imebakizwa, kupimwa saratani yake kunaendelea, jambo ambalo wengi hawaambiwi.

Kutoambiwa ndiko kunakoniuma. Katika dharura karatasi ya ridhaa husainiwa na mume au mama mkwe, na habari huishia kwao. Mgonjwa akizinduka anasikia, "Tumekusafisha, mama, pumzika."

Niliwahi kumpokea mmoja wa hao. Kwa miaka miwili alikuwa akinywa mizizi ya kufungua kizazi, kwa kuwa hedhi ilikataa kurudi na mumewe alishaanza kutaja mke wa pili. Alitoa kwenye mkoba karatasi ya ruhusa ya hospitali, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa humo, kwa Kiingereza.

Itaendelea wiki ijayo.