Taa Nyekundu ya Oili Ikiwaka, Simama Kwanza

Kwenye dashibodi ya gari kuna taa nyekundu yenye umbo la birika dogo linalodondosha tone. Ukifungua swichi bila kupiga stata, taa hiyo inapaswa kuwaka, kisha kuzima sekunde chache baada ya injini kuanza kunguruma. Ikiwaka tena ukiwa safarini, usijiambie utaangalia ukifika mjini. Washa indiketa, toka barabarani, simamisha gari mahali salama kisha uzime injini. Usizime gari likiwa bado kwenye mwendo, kwa sababu usukani na breki zitakuwa nzito.

Haraka hiyo ina sababu. Taa hii haipimi kiasi cha oili bali presha yake, yaani nguvu inayoisukuma hadi kwenye beringi za injini. Swichi nyingi huwasha taa presha ikishuka chini ya psi 4 hadi 7 hivi, kiwango ambacho ni karibu na kutokuwa na presha kabisa. Kwa hivyo ukiiona taa, ujue hatari imeshafika. Vyuma huanza kusagana, na injini inaweza kufa kwa dakika chache. Kwa mwenye teksi, au anayebeba mboga sokoni kwa Probox, injini ikifa ndiyo karo ya watoto inapotea.

Gari likiwa mahali tambarare, ngoja dakika tano hivi oili iteremke. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwenye magari mengi madogo, umbali kati ya alama hizo ni takriban lita moja. Ikiwa iko chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Usizidishe, maana oili ikipita kipimo hupigwa na krankishafti ikatoa povu, na povu haliwezi kushika presha.

Chungulia pia chini ya gari. Matuta na mawe ya barabara zetu za mashambani hupasua sampu, na oili yote huweza kumwagika kabla dereva hajajua. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani. Ikinuka petroli, imekuwa nyepesi mno. Katika hali hizo zote tatu, gari livutwe hadi gereji.

Ukiongeza oili na taa izime, nenda polepole kwa fundi ujue ilikoenda, kwa sababu oili haipotei bure: ama inavuja, ama inaungua na kutoka kwa moshi wa buluu. Lakini kijiti kikionyesha oili iko sawa na taa bado inawaka, usiliendeshe gari hata kilomita moja.

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Fundi mmoja anasema ni pampu, mwingine anataka kufungua injini nzima, na hakuna aliyepima chochote. Mwenye gari ana haki ya kudai kipimo kwanza. Fundi afungue swichi ya presha iliyo kwenye bloku ya injini, afunge geji ya mkono mahali pake, apashe injini moto, kisha asome. Ikiwa sindano haisongi injini ikiwashwa, aizime mara moja. Wengi wao hutumia kipimo cha psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuatwa. Geji ikionyesha presha nzuri, ubovu uko kwenye swichi au waya wake, na hiyo ni kazi ndogo ya muda mfupi.

Geji ikionyesha presha ndogo kweli, aanze na yaliyo rahisi. Je, ni oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu? Filta ni ya kweli? Filta duni huacha oili irudi chini usiku, ndiyo maana taa huchelewa kuzima asubuhi. Kisha afungue sampu akague chujio la pampu. Mara nyingi hukuta limezibwa na tope la oili iliyokaa miezi mingi bila kubadilishwa, au na vipande vya silikoni. Fundi anayepaka silikoni nyingi wakati wa kufunga sampu anadhani anazuia uvujaji, kumbe ile inayofinyika ndani hukatika na kuvutwa hadi kwenye chujio. Pampu na beringi ndizo za mwisho kushukiwa, isipokuwa injini inagonga kutoka chini na mgongo huo unaongezeka ukikanyaga mafuta. Ikifikia hapo, beringi zimelika.

Taa inayowaka tu injini ikiwa moto na gari limesimama, kisha kuzima ukiongeza mafuta, ni dalili ya oili nyepesi au beringi zilizochoka. Wapo wanaotia oili nzito zaidi ili taa inyamaze. Hiyo inaficha ugonjwa, na ni hila inayotumika wakati wa kuuza gari, sawa na kuchomoa balbu. Ukinunua gari la mkono wa pili, hakikisha taa inawaka kabla ya kupiga stata, na ulikague injini ikiwa moto.

Unaponunua oili, kagua kifuniko na alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kutuma SM# ikifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwa 20023, ili kuthibitisha kama kibali ni halali.

Oili chafu isimwagwe kwenye mitaro wala kando ya mto. Ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea, na usiichanganye na maji wala petroli.